WAMBEA WALISEMA MIMBA, KUMBE NI KIVIMBE: MWIMBAJI WA TAARAB NA SINDANO YA SHINGO

Basi bwana, yote yalianzia kwenye picha moja ya kichen pati, Sinza.

Dada mwenyewe ni mwimbaji wa taarab, hizi za kisasa, na jina lake linahifadhiwa kwa sababu mwenyewe ameomba hivyo. Ana miaka 38, ana mtoto mmoja wa kike yuko sekondari, aliachika zamani, na hana mtaji mwingine duniani zaidi ya sauti. Hana duka, hana bodaboda aliyompa mtu amletee hesabu, hana kiwanja Chanika. Ada ya mtoto inatoka kooni. Kodi ya nyumba inatoka kooni. Likumbuke hilo, maana ndo kiini cha kila kitu kinachofuata hapa.

Siku hiyo alivaa gauni la shingo wazi. Ikafika ile sehemu ya wimbo mashabiki wanayoipenda, akarusha kichwa nyuma, akaipandisha sauti juu kabisa, noti zikamwagika, akina mama wakatunza mpaka wakamziba uso. Mtu mmoja akapiga picha kwa pembeni. Picha ikaingia mtandaoni, mwingine akaivuta karibu na kuchora duara jekundu shingoni, akaandika: "Jamani hii shingo inacheza, hapa si bure."

Kwa asiyejua, uswahilini shingo ya mwanamke ikidunda watu hawaulizi mara mbili. Hiyo ni mimba. Mpaka jioni dada wa watu alishapewa mimba ya miezi mitatu na baba wa mtoto watatu tofauti, mmoja wao mume wa mtu.

Yeye aliiona usiku, anatoa kope za bandia. Akacheka kwanza. Halafu akasogea kwenye kioo, akanyanyua kidevu, akameza mate. Kitu kikapanda, kikashuka. Upande wa kushoto, chini kidogo ya koo. Akameza tena. Kikapanda tena, kikashuka tena, kama panya chini ya kitambaa.

Haikuwa mimba.

BOSI ANASEMA USIKANUSHE

Mtu wa kwanza kumwambia alikuwa bosi wa kikundi. Bosi akatazama shingo, akatazama simu, akasema: "Usikanushe chochote. Wimbo unatoka Idi. Acha waseme mimba, inauza."

Ndo biashara ilivyo. Kiki haina huruma. Akanunua mitandio sita ya rangi tofauti, akawa anaimba shingo imefungwa, na hilo nalo likazua jipya: "Mnaona? Anaficha!"

Mpiga kinanda, kijana mmoja mpole, ndiye aliyemuuliza vizuri. Akamwambia, nahisi ni tezi. Yule kijana akashangaa: "Tezi? Dada, tezi si ugonjwa wa wazee wa kiume?" Wakacheka wote wawili. Kumbe hiyo ni tezi dume, mambo mengine kabisa. Hii ni tezi ya shingo, wataalamu wanaiita thairoidi, imekaa mbele ya koo kama kipepeo, bawa moja kushoto, bawa moja kulia. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazoendesha mwili: mapigo ya moyo, joto, uzito, usingizi. Kila mtu anayo, mwanamke kwa mwanamume.

Na humo ndani kuota vivimbe ni jambo la kawaida kuliko watu wanavyodhani. Ukichukua watu wazima wasiolalamika chochote ukawapitisha kwenye altrasaundi, angalau mmoja kati ya watano utamkuta na kivimbe, na wanawake ndo wengi. Vilivyo vingi si kansa. Kati ya vivimbe 100, vile vya kansa huwa kama 5 hadi 15, inategemea ni watu gani wamepimwa.

Lakini hayo mtu anayasoma baadaye, akili ikishatulia. Usiku ule aliona kitu kimoja tu: shingo ya mama yake.

SHINGO YA MAMA

Baba yake alikuwa mtu wa Tanga, uimbaji wengi wanajua kautoa huko. Mama yake ni mtu wa Njombe. Nyanda za Juu Kusini kule, miaka ya nyuma, rovu lilikuwa jambo la kila kijiji. Chakula na maji ya huko milimani havina madini joto ya kutosha, na tezi ikiyakosa inajitanua mwaka hadi mwaka ikijaribu kunasa hicho kidogo kinachopita. Ndo maana miaka ya 1990 serikali ikaweka sheria chumvi ya kula itiwe madini joto. Ile pakiti unayoitupia kwenye mboga bila kuisoma ina historia yake.

Mama yake rovu lilimkuta kabla ya chumvi hiyo. Lilikuwa kubwa mpaka kulala chali alikuwa hawezi. Akapelekwa hospitali, akakatwa, akapona, akapumua. Ila kuna kitu hakikurudi. Mama alikuwa kiongozi wa sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisa. Baada ya kisu sauti ikabaki ya kukwaruza, kama mtu aliyetoka kupiga kelele uwanjani. Kwaya hakuacha. Alisimama mstari wa nyuma na kupiga makofi.

Mtoto alikua akiangalia hayo makofi. Sasa leo yeye ndo mwimbaji, halafu shingo yake nayo inatoa kitu. Hebu fikiria.

Sababu ya lile lililompata mama inaeleweka. Nyuma ya tezi, kila upande, unapita mshipa wa fahamu unaoendesha nyuzi za sauti. Kuna mwingine mdogo unapita juu ya tezi, huo ndo unaosaidia sauti kupanda. Daktari akikata tezi anafanya kazi jirani kabisa na mishipa hiyo. Mara nyingi inatoka salama, hasa kwa mpasuaji mzoefu. Wakati mwingine inavutwa kidogo, sauti inapotea wiki au miezi halafu inarudi. Mara chache hairudi.

Kwa karani wa ofisi, mara chache ni mara chache. Kwa mtu anayelipa ada kwa koo, mara chache ni mlima.

"NENDA KACHUKULIWE KINYAMA"

Hospitali ya kwanza alikwenda amejifunga mtandio na miwani nyeusi. Foleni tangu saa moja, kumuona daktari saa saba. Daktari akamshika shingo, akamwambia ameze, akaandika damu na altrasaundi. Hapo alifanya sahihi. Damu inaangalia homoni moja inaitwa TSH. Ikiwa chini sana, maana yake huenda kivimbe chenyewe kinatengeneza homoni kupita kiasi, na vivimbe vya aina hiyo ni nadra kuwa kansa, kwa hiyo njia inayofuata ni nyingine. Yake ilikuwa sawa kabisa.

Majibu ya altrasaundi yakarudi na maneno mengi ya Kiingereza. Daktari akasoma haraka, hakunyanyua uso, akasema: "Nenda kachukuliwe kinyama." Akaita mgonjwa mwingine.

Sasa hilo neno. Madaktari wanalisema kila siku, kwao ni dogo. Kwa mgonjwa, kinyama ni nyama, na nyama hukatwa kwa kisu. Dada akatoka mlangoni anaona bucha. Akaona wembe kwenye shingo, mshipa wa sauti umekatika, yeye yuko mstari wa nyuma anapiga makofi. Akaikunja ile fomu mara nne, akaiweka kwenye pochi ya vipodozi, akaenda kuimba kwenye harusi Mbezi.

Fomu ilikaa kwenye ile pochi miezi minne.

KILA MTU ANA DAWA

Miezi minne ni mingi, na Dar kila mtu ni daktari.

Dada yake mkubwa wa Mbagala alikuwa upande wa kisu. "Toa yote tumalize, mdogo wangu. Kitu kiko shingoni unakilea cha nini?" Alisema kwa upendo kabisa. Ila kutoa yote maana yake ni kumeza kidonge cha homoni kila asubuhi maisha yako yote, na wakati mwingine na cha kalsiamu juu. Si mwisho wa dunia, wengi wanaishi nacho vizuri tu. Lakini si kitu cha kufanya ili tu "kumaliza" kivimbe ambacho hakijajulikana ni nini.

Shoga yake wa kikundi, mcheza shoo, alikuwa upande wa kuacha. "Shoga, ukikichokonoa ndo unakiamsha. Jirani yetu alichomwa sindano, miezi miwili tukamzika." Hii imani iko kila mtaa, na inaua watu kimyakimya. Ukweli ni kwamba sindano ya tezi kusambaza kansa ni jambo la nadra mno. Wengi wanaofariki "baada ya sindano" ni watu waliochelewa, ugonjwa ulishatembea kabla sindano haijafika.

Akaja na mama mmoja wa mtandaoni anauza unga wa mwani kutoka Unguja, chupa tatu kwa bei ya gauni, "unayeyusha uvimbe wote wa shingo". Mwani wa Zanzibar ni mali, hilo halina ubishi. Ila mwani una madini joto mengi, na mtu mwenye vivimbe kwenye tezi akijaza madini joto mwilini anaweza kuifanya tezi ipandishe homoni kwa fujo, moyo unakimbia, mikono inatetemeka. Alikunywa wiki mbili, akaanza kusikia moyo unaenda mbio usiku. Inawezekana ni mwani, inawezekana ni hofu. Chupa zilizobaki akazimwaga chooni.

Na usiku, simu. Ukikosa usingizi simu ndo inakumaliza. Akakutana na habari ya Amelita Galli-Curci, mwimbaji mkubwa wa opera aliyezaliwa Italia, aliyekatwa rovu Chicago mwaka 1935, akarudi jukwaani mwaka uliofuata na sauti haikuwa ile tena. Hapo dada akazima simu na kulia. Hakufika kwenye sehemu inayosema kwamba watu bado wanabishana, kwamba kuna wanaodai sauti ilishaanza kushuka kabla ya kisu. Kwenye hofu mtu husoma nusu.

KITU KILICHOMRUDISHA

Aliyemrudisha hospitali ni binti yake. Yule mtoto alirudi likizo, siku moja anatafuta lipstiki kwenye pochi, akaikuta fomu. Akaisoma yote, si unajua watoto wa sikuhizi na Kiingereza. Hakupiga kelele. Akakaa kitandani, akauliza: "Mama, mbona hapa wameandika viwili?"

Viwili? Miezi minne mtu anahangaika na kivimbe kimoja, kumbe majibu yalikuwa na viwili. Hakuna aliyemwambia.

Wakaenda hospitali nyingine, mama na mwana, safari hii bila miwani nyeusi. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo. Akachukua karatasi, akachora kipepeo, akaweka duara kubwa kushoto na dogo kulia. Halafu akasema kitu ambacho hakuna mmoja kati ya wambea aliyewahi kukiwaza.

Kile cha kushoto, kikubwa, sentimita 2.6, kile cha picha, cha duara jekundu, cha mimba, hakina kesi. Ndani kimejaa vitundu vidogovidogo kama sponji, na vya aina hiyo karibu vyote ni salama. Hakihitaji hata sindano.

Kesi iko kwa kile cha kulia. Sentimita 1.6. Hakionekani, hakishikiki vizuri kwa mkono, hakuna shabiki aliyekizungushia duara.

Hapo dada akavua mtandio, akauweka mezani. "Dokta, sijaelewa. Kikubwa kiachwe, kidogo kichomwe?"

Daktari akaeleza taratibu. Ukubwa peke yake hauhukumu. Anayesoma altrasaundi anaangalia mambo matano: ndani kuna nyama au maji, rangi yake ni nyeusi kiasi gani kulinganisha na tezi yenyewe, umbo lake limelala au limesimama wima, kingo zake ni laini au zimechanika, na kama kuna vidoa vyeupe vya kung'aa. Kila jambo lina pointi zake. Unajumlisha, unapata kundi, kuanzia 1 mpaka 5. Mfumo huo unaitwa TI-RADS, na huu wa kuhesabu pointi ni wa chuo cha wataalamu wa picha cha Marekani, ulitoka mwaka 2017. Ulaya nao wana wa kwao.

Cha kushoto, pointi sifuri, kundi la 1. Cha kulia ni nyama tupu, pointi 2, halafu kina rangi nyeusi kuliko tezi, pointi 2. Umbo limelala, kingo laini, vidoa hakuna. Jumla 4. Hilo ni kundi la 4, na sheria ya kundi la 4 ni hii: kikifika sentimita 1.5, choma sindano. Kikiwa kati ya 1 na 1.5, kiangaliwe tena baada ya mwaka. Chini ya hapo, kiache.

Chake ni 1.6.

Binti akawahi kabla ya mama: "Kwa hiyo ni milimita moja tu?"

MILIMITA MOJA

Swali la yule mtoto lina akili kuliko maoni yote 400 yaliyoandikwa chini ya ile picha. Kweli ni milimita moja. Kivimbe hichohicho kingepimwa na mkono mwingine siku nyingine kingeweza kusoma 1.4, mtu angeambiwa aende nyumbani arudi mwaka ujao.

Daktari hakujifanya. Akakubali kwamba huo mstari umechorwa na binadamu, haukushuka kutoka mbinguni. Umewekwa hapo kwa kupima pande mbili: kuchoma watu wengi bila sababu, au kupitwa na kansa chache.

Na upande ule wa kwanza si utani. Korea Kusini, kuanzia mwaka 1999 ilipoanza mpango wa taifa wa kupima kansa, hospitali nyingi zikawa zinaongezea na altrasaundi ya shingo kwa watu wasioumwa chochote. Kufika 2011, kansa ya tezi zinazogunduliwa zilikuwa mara 15 ya mwaka 1993. Waliokufa kwa kansa hiyo hawakupungua, hawakuongezeka, idadi ilibaki palepale. Maana yake maelfu walikatwa shingo kwa vitu vidogo ambavyo pengine wangezeeka navyo, na baadhi yao wakapoteza sauti. Japani nako, hospitali moja ya Kobe ilianza mwaka 1993 kuwaacha bila kuwakata watu wenye kansa ndogo za tezi za aina ya polepole, wanaangaliwa tu kwa altrasaundi, na wengi wao hazikukua.

Kwa hiyo hofu ya huyu dada haikuwa ya kijinga. Hilo lazima lisemwe. Kuna watu wamekatwa bure duniani, na mama yake mwenyewe alibaki na makofi.

Ila daktari akamwonyesha kosa lilipokuwa. "Mama, wewe unaogopa kisu, unaikimbia sindano. Sindano si kisu. Sindano ndiyo inamzuia mtu asipelekwe kwenye kisu bila sababu."

Akatoa sindano kwenye droo, akaiweka kwenye karatasi. Nyembamba kuliko ile ya kutolea damu. Hicho ndicho "kinyama". Hakuna nyama inayokatwa, zinavutwa seli tu, chache, zinapakwa kwenye kioo na kusomwa kwa hadubini. Inaongozwa na altrasaundi ili ijue inapokwenda. Mtu halazwi, hapigwi nusu kaputi.

Dada akauliza lililokuwa moyoni miezi minne: "Na ikija kansa, nitaimba?"

Daktari hakuahidi. Akasema kansa ya tezi ya aina inayotokea zaidi huwa inakwenda polepole, na wengi wanaotibiwa wanaishi maisha yao yote. Akasema hata ikija, si lazima tezi yote itoke, mara nyingine bawa moja linatosha. Na kabla ya kukata watamchungulia nyuzi za sauti kwa kamera na kumtafuta mpasuaji anayekata tezi kila wiki, si wa mara moja kwa mwaka. "Lakini hayo ni ya mbele. Leo swali ni moja tu, tujue au tusijue. Na ukisema usubiri mwaka upige altrasaundi nyingine, sitakufukuza. Huna dalili mbaya. Kingekuwa kinakua haraka, au sauti inakwaruza, au chakula kinakwama, au kuna matezi yamevimba pembeni ya shingo, au uliwahi kupigwa mionzi ya shingo utotoni, hapo ningekubembeleza kwa nguvu zote."

Yaani akamwachia. Na kuachiwa ndo kugumu kuliko kulazimishwa.

SIMU YA NJOMBE

Jioni akampigia mama yake. Alimweleza yote kwa kuzunguka, akitegemea mama atasema acha, maana nani anamjua kisu kuliko yeye.

Mama akasikiliza. Halafu kwa ile sauti yake ya kukwaruza akasema: "Mwanangu, mimi sikuulizwa. Nilikuwa sipumui, wakanikata, na nashukuru nilipona. Wewe umeulizwa. Mtu akiulizwa ajibu, asikimbie."

Kimya kikapita. Kisha mama akaongeza: "Na mtoto wako ameshajua. Usimfanye akulinde wewe."

Basi. Hapo ndo uamuzi ulipofanyika. Si kwenye pointi wala milimita. Binti tangu aikute ile fomu alikuwa akiamka usiku kuja kusikiliza mama anapumua vipi, na mama alikuwa anajifanya amelala. Mwaka mzima wa kusubiri ungekuwa mwaka mzima wa mtoto kusimama mlangoni gizani. Mwingine kwenye hali hiyohiyo, bila mtoto mlangoni, angeweza kusubiri na asiwe amekosea. Yeye hakuweza.

Akamwambia bosi wiki ile haimbi. Bosi akasema Idi imekaribia. Akajibu: "Idi itakuja na mwakani, bosi. Na ile mimba itabidi ukanushe mwenyewe, maana miezi inapita na tumbo halioni mtu."

SINDANO

Kulala chali, mto chini ya mabega, shingo imenyooka. Ubaridi wa ile mafuta ya altrasaundi. "Usimeze, usiongee, usikohoe." Kwa mtu wa kuongea kama yeye hiyo ndo ilikuwa adhabu. Kuchomwa kidogo, kusukumwasukumwa, presha zaidi kuliko maumivu. Mara tatu. Plasta ndogo. Akatoka, akajaribu kusema "asante", sauti ikatoka ileile. Akasimama kwenye korido akaimba mstari mmoja, taratibu, peke yake. Nesi mmoja akageuka: "Wee! Kumbe ndo wewe?"

Shingo ilibaki na alama ya bluu siku nne. Wiki iliyofuata alikuwa jukwaani.

Majibu yakaja: seli hazitoshi, haisomeki.

Alitaka kukasirika. Lakini daktari alishamtayarisha. Majibu ya sindano yanapangwa kwenye makundi sita, mfumo wa Bethesda, umepewa jina la mji wa Marekani ambako wataalamu walikutana mwaka 2007 kuujadili. La kwanza ni hilo, haisomeki, rudia. La pili ni salama. La tatu na la nne ni katikati, haieleweki vizuri, hapo kunaweza kurudiwa sindano, au kuangaliwa, au kutolewa bawa moja. La tano ni kushuku kansa, la sita ni kansa. Kutosomeka si kusema una kansa na si kusema huna. Ni sawa na picha iliyotoka ukungu, unapiga nyingine.

Akarudi mara ya pili. Safari hii hakuwa na hofu ya sindano, alikuwa na hofu ya jibu, na angalau hiyo ni hofu inayostahili.

Kundi la 2. Salama.

Wakalia wote wawili kwenye kiti cha korido, binti zaidi ya mama. Halafu daktari akawarudisha chini kidogo: salama ya sindano ni salama ya uhakika mkubwa, si ya asilimia 100. Arudi baada ya mwaka kwa altrasaundi, waangalie kama kimebadilika. Tarehe imeandikwa, safari hii si kwenye pochi ya vipodozi, imebandikwa kwenye friji.

Kile cha kushoto bado kipo. Kinapanda, kinashuka, kila anapopandisha sauti. Angeweza kuendelea kukifunga mtandio. Ila kwenye shoo ya Idi alipanda na gauni lilelile la Sinza, shingo wazi, akarusha kichwa nyuma. Kesho yake picha zikawa zimejaa tena na maduara mekundu, na kuna mtu kaandika: "Hii mimba ni ya tembo au?"

Binti yake alitaka kujibu. Mama akamnyang'anya simu.

Wadau, swali ni hili: ungekuwa wewe, kivimbe cha 1.6, huna dalili, daktari kakuachia uamue, ungechoma au ungesubiri mwaka? Na aliyewahi kupita kwenye hiyo sindano aseme ukweli ilivyokuwa, kuna mtu hapa huenda ana fomu imekunjwa mara nne kwenye pochi. Maoni hapo chini, na matusi yakae pembeni.